Kadi Husema O Chanya, Damu Husema Zaidi

Chembe nyekundu ya damu ni kifuko chembamba chenye umbo la sahani iliyobonyea katikati. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8, kiasi kwamba zinahitajika 130 hivi, zikae bega kwa bega, ndipo zitimie milimita moja. Huzaliwa kwenye uloto wa mifupa, na kabla ya kuingia katika mzunguko hutupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini nyingi zaidi. Muda mfupi baada ya hapo haiwezi tena kutengeneza protini mpya. Huzunguka kwa siku 120 hivi, ikijikunja kupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, mpaka inapochakaa na kunaswa kwenye bandama au ini.

Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliieleza chembe hii kama mchukuzi wa oksijeni tu. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaishia ndani ya kifuko. Juu ya utando wake hakuna mahali patupu: protini zimejitokeza, nyingine zikipenya kutoka ndani hadi nje, na juu ya protini hizo imeota minyororo ya sukari. Ukiitazama kwa karibu inafanana na duka la Kariakoo ambalo bidhaa zimetundikwa hadi barazani. Protini moja tu, glaikoforini A, ipo karibu milioni moja kwenye kila chembe. Kitu chochote kati ya hivyo ambacho kinga ya mwili wa mtu mwingine inaweza kukitambua kuwa ni kigeni huitwa antijeni. Makundi ya damu ni majina tuliyozipa tofauti za antijeni hizo kati ya mtu na mtu.

Aliyefungua mlango huo ni Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1901. Alichukua damu ya wenzake wa maabara, akatenga chembe na majimaji yake, kisha akachanganya chembe za huyu na majimaji ya yule. Baadhi ya michanganyiko ilitulia, mingine ikagandamana vibonge. Kutokana na mpangilio wa vibonge hivyo alipata makundi matatu, na la nne, AB, liliongezwa na watafiti wengine mwaka uliofuata. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1930, baada ya vita moja ya dunia kuwa imekwisha onesha thamani ya ugunduzi wake.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Watu karibu wote wana mnyororo mmoja wa sukari uitwao H. Mwenye kundi A ana kimeng'enya kinachobandika sukari moja ya ziada kwenye ncha ya mnyororo huo. Mwenye B ana kimeng'enya kinachobandika sukari nyingine. Mwenye AB anavyo vyote viwili. Wa O ana kimeng'enya kisichofanya kazi, kwa hiyo mnyororo wake hubaki kama ulivyo. Yaani kundi lililo kubwa kuliko yote nchini, lenye karibu nusu ya Watanzania, limetokana na hitilafu ya zamani katika vinasaba ambayo haikumuua mtu.

Kipimo kilichozoeleka katika maabara za Dar es Salaam, iwe ni zahanati ya Tandika au kituo cha afya cha Tandale, ni cha kigae cheupe. Mtaalamu hudondosha matone matatu ya damu, kando kwa kando. Kwenye tone la kwanza huongeza dawa ya rangi ya buluu yenye kingamwili dhidi ya A, kwenye la pili ya njano iliyo dhidi ya B, na kwenye la tatu dawa isiyo na rangi, ya kutafuta antijeni D, ile inayoamua "chanya" au "hasi". Huchanganya kwa kijiti, hukishika kigae kwa mikono miwili na kukiyumbisha polepole kama mtu anayepepeta mchele, macho yakiwa kwenye matone. Tone likibaki laini, antijeni haipo. Likianza kuwa na chembechembe kama maziwa yaliyokatika, ipo. Buluu na njano zikibaki laini na la tatu likikatika, huandikwa O chanya. Kazi nzima haimalizi dakika tano.

Kinachofanya mfumo huu wa A, B na O, uitwao ABO, uwe wa hatari kuliko mifumo mingine ni kwamba kingamwili zake hazisubiri kuchokozwa na damu ya mtu mwingine. Mtoto wa O anapofikisha miezi kadhaa tayari anazo kingamwili dhidi ya A na B, ingawa hajawahi kuongezewa damu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba bakteria wa utumbo wana sukari zinazofanana na hizo, na kinga ya mtoto hujifunza kwao. Ndiyo maana mtu wa O akiwekewa kimakosa chupa ya damu ya A, chembe hizo hupasuliwa ndani ya mishipa katika dakika chache: homa, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi, presha kushuka, figo kufeli. Ajali za namna hii hutokana mara nyingi na jina lililokosewa kwenye chupa ya sampuli kuliko na kigae kilichosomwa vibaya. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa jina lake mara ya tatu, hata kama wamekuwa wodi moja wiki nzima, hapotezi muda.

Mtaani makundi haya yana maisha mengine kabisa. Wachumba huambiana kwamba wakiwa wote O chanya hawatazaa, jambo lisilo na msingi. Ingekuwa kweli, karibu robo ya wenzi nchini wasingekuwa na watoto. Wengine hutazama kadi ya kliniki na kuanza kesi ya nyumbani kwa sababu mtoto hana kundi la baba. Baba wa A na mama wa B wanaweza kupata mtoto wa kundi lolote kati ya manne, kwa kuwa kila mmoja anaweza kuwa amebeba O iliyofichika. Kundi la damu linaweza kuzua shaka katika michanganyiko michache, lakini halithibitishi ubaba wa mtu yeyote. Kipimo cha vinasaba, kinachofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ndicho cha kumaliza ubishi huo, tena kwa maombi yanayopitia vyombo vinavyotambuliwa kisheria.

Neno "chanya" kwenye kadi lahusu antijeni D, iliyo kuu katika mfumo wa Rh ulioelezwa mwaka 1940 na Landsteiner huyohuyo pamoja na Alexander Wiener. Wasio na D ni wachache Tanzania, hawafiki watano katika kila watu mia moja, na uchache wao ndio shida yenyewe: kumpata mchangiaji wa O hasi usiku wa manane ni kazi. Tofauti na A na B, kingamwili dhidi ya D hutokea baada ya mwili kukutana na chembe zenye D. Mama hasi mwenye mimba ya mtoto chanya huweza kukutana nazo wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida huwa salama. Anayefuata ndiye huvamiwa na kingamwili za mama zinazovuka kondo la nyuma, akazaliwa na upungufu wa damu na manjano, au asizaliwe hai. Dawa yake ni sindano ya kingamwili za D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, inayofuta chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazikariri. Saa 72 huisha haraka kwa familia ya Mbagala au Bunju inayoanza kuulizia sindano hiyo baada ya mtoto kuzaliwa, wakati kadi ilikwisha sema "hasi" tangu hudhurio la kwanza kliniki.

Kadi huishia hapo. Chembe haiishii hapo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa uongezaji damu kinatambua zaidi ya mifumo 45 ya makundi, yenye antijeni zaidi ya 300. Ipo Kell, ipo Kidd, ipo MNS, ipo Knops. Mingi imebeba majina ya wagonjwa ambao kingamwili zao ndizo zilizoifichua. Maabara haipimi yote kwa kila mtu, na haina haja, kwa sababu mtu anayeongezewa damu mara moja maishani kwa nadra sana hudhurika nayo. Ila mifumo hii ina kisa chake, na sehemu kubwa ya kisa hicho imesomwa katika damu ya watu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa aliyekiandika zaidi ni malaria.

Chukua Duffy. Mfumo huu ulielezwa London mwaka 1950, ukapewa jina la mgonjwa wa himofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara kwa mara. Punde ikaonekana kwamba Waafrika wengi, na vizazi vyao Marekani, hawana antijeni hiyo kabisa kwenye chembe zao nyekundu. Miaka ya 1970 Louis Miller na wenzake walionesha maana yake: kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia Duffy kama kitasa cha kuingilia. Pasipo kitasa, mlango haufunguki kirahisi. Ndiyo sababu kubwa ya vivax kuwa haba Tanzania na kuwa ya kawaida Ethiopia, ambako watu wengi wanayo Duffy. Kinga hiyo si kamili. Wagonjwa wa vivax wasio na Duffy wamekwisha kuripotiwa, hasa Madagascar mwaka 2010. Na falsiparamu, kimelea kinachosababisha malaria nyingi zaidi Tanzania, hakijali Duffy hata kidogo.

Lakini kwa nini chembe ibebe kitasa cha adui? Jibu lilipatikana miaka ya 1990. Duffy ni kipokezi cha kemokini, vijumbe ambavyo mwili huvitoa kuita askari wa kinga mahali palipoumia. Kwenye chembe nyekundu hufanya kazi kama sifongo: huzifyonza zilizozidi katika damu na kuzishikilia. Kinachowatofautisha wasio na Duffy ni herufi moja ya kinasaba, iliyoonekana mwaka 1995, inayozima uzalishaji kwenye chembe nyekundu pekee. Kwenye kuta za mishipa kipokezi kinaendelea kuwepo kama kawaida. Badiliko hilo lina matokeo ambayo kila mtu aliyewahi kupima "kipimo kikubwa" anaweza kukutana nayo. Watu wasio na Duffy huwa na idadi ndogo zaidi ya neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, bila kuwa wagonjwa. Wakipimwa kwa viwango vilivyotungwa kutokana na damu ya Wazungu, karatasi hutoka na alama ya "chini" na mtu mzima wa afya huanza kuhangaika. Kasoro hapo ni ya kiwango, wala si ya mwili.

Falsiparamu ina milango yake, na mmoja kati ya hiyo umesomwa kilomita mia chache kaskazini mwa Dar es Salaam, katika pwani ya Kilifi nchini Kenya. Glaikoforini, zile protini zilizosheheni juu ya chembe, ni mahali ambapo kimelea hujishikiza kikitaka kuingia. Katika baadhi ya watu vinasaba vya glaikoforini A na B vilikatika na kuungana upya vibaya, vikazaa protini ya mseto inayotambulika maabara kama kundi la damu la Dantu. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakichambua vinasaba vya maelfu ya watoto waligundua kwamba wenye Dantu hupungukiwa sana na hatari ya malaria kali: kwa takriban asilimia 40 kwa aliyerithi kwa mzazi mmoja, na zaidi ya 70 kwa aliyerithi kwa wote wawili. Ulinzi wa aliyerithi kwa wote wawili unakaribia ule wa selimundu, badiliko la himoglobini, iliyorithiwa kwa mzazi mmoja, na Dantu haiambatani na ugonjwa wa aina ile. Kilifi ndiko inakoonekana kwa wingi. Tanzania ipo, ingawa kwa uchache. Afrika Magharibi karibu haionekani.

Namna inavyokinga ndiyo iliyowashangaza wenyewe. Mwaka 2020 Silvia Kariuki wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, na wenzake walitoa matokeo ya damu ya watoto 42 wazima wa afya: wasio na Dantu, wenye nusu na wenye kamili. Walivipiga picha vimelea vikijaribu kuingia. Ilitarajiwa kwamba vitashindwa kujishikiza. Kumbe vilijishikiza, ila utando wa chembe za Dantu ulikuwa umekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa jua kali, na kimelea kilisukuma bila kupenya. Hata katika mtu asiye na Dantu chembe zilizokaza hivyo zilipona pia. Kukaza kwa utando, jambo ambalo hakuna kigae cheupe kinachoweza kulionesha, ndiko kulikoamua.

Kusini mwa Kilifi, huko Bagamoyo nchini Tanzania, mlango mwingine unajaribiwa kufungwa kwa chanjo. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walionesha kwamba falsiparamu haiingii kwenye chembe nyekundu bila protini yake iitwayo RH5 kukamata protini ya binadamu iitwayo basigini. Basigini ndiyo iliyobeba antijeni za kundi la damu la Ok, mfumo ambao kabla ya hapo ulikuwa tanbihi katika vitabu vya maabara. Milango mingine kimelea huweza kuibadilisha: kikifungiwa huu huingilia ule. Huu hakina mbadala wake. Kutokana na hilo wanasayansi wa Oxford walitengeneza chanjo inayoufundisha mwili kuizuia RH5, na Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo, ikaijaribu kwa watu wazima, watoto na wachanga chini ya uongozi wa Dk. Ally Olotu. Wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko wakubwa. Jaribio lililofuata Burkina Faso, ambalo matokeo yake yalitoka mwishoni mwa 2024, lilionesha kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa wa malaria kwa hadi asilimia 55 katika miezi sita ya ufuatiliaji. Chanjo hiyo bado haijafika kliniki za kawaida.

Hadi hapa chembe nyekundu imeonekana kama nyumba inayolinda milango yake. Kuna vitu vingine juu yake vinavyoonesha kwamba yenyewe ni mtumishi wa kinga. Mwaka 1953 mtafiti wa Marekani Robert Nelson aliona bakteria waliokwisha kushikwa na kingamwili wakinasa kwenye chembe nyekundu, kisha wakamezwa upesi zaidi na chembe nyeupe. Kinachonasa ni kipokezi namba moja cha komplimenti, kwa kifupi CR1. Komplimenti ni kundi la protini zinazorundikana juu ya kitu ambacho kingamwili imekwisha kukitia alama. Chembe nyekundu hukidaka kifurushi hicho kwa CR1, hukisafirisha hadi kwenye ini na bandama, hukikabidhi kwa chembe mezaji na kurudi barabarani. Kila chembe ina CR1 mia kadhaa tu, lakini chembe ni nyingi mno, hivyo sehemu kubwa ya CR1 yote iliyo katika damu imo juu yao. Mwili una magari ya taka mengi kuliko manispaa yoyote ya Dar es Salaam.

CR1 pia ni kundi la damu, mfumo wa Knops, na pia ni mtego. Chembe iliyokwisha kuambukizwa falsiparamu huota vinundu vinavyoweza kushika CR1 za chembe jirani zilizo nzima, zikajikusanya kuizunguka kama petali za waridi. Mashada hayo huziba mishipa midogo, na yakiiziba ya ubongo mtoto hupoteza fahamu. Sukari za A na B huyashikilia mashada hayo kwa nguvu zaidi. Za O huyaachia kirahisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa O kuonekana katika tafiti za Afrika wakipata malaria kali kwa uchache zaidi kuliko wenzao, na huenda ikaeleza kwa nini O imeenea hivi katika bara hili. Haiwazuii kuumwa malaria. Mtu wa O anayelala bila chandarua Kigogo au Yombo atapata homa kama jirani yake.

Uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Herbert Opi, uligundua kwamba sura moja ya CR1 iliyoenea Afrika huwakinga watoto na malaria ya ubongo, huku sura nyingine ikionekana kuongeza hatari. Tena ile inayokinga ilifanya hivyo kwa watoto wasio na thalasemia ya alfa. Kwa wenye thalasemia hiyo, ambayo nayo peke yake hukinga, faida ilipotea. Kinga mbili zikikutana hazijumlishwi kama shilingi. Na kutoka Kenya ya magharibi, mwaka 2000, ilionekana kwamba watoto wenye upungufu mkali wa damu kutokana na malaria wana chembe zilizopungukiwa CR1 na walinzi wengine wa utando, na kwamba chembe hizo humezwa na mwili wenyewe. Hiyo inasaidia kueleza jambo linalowatatiza wazazi wodini: vimelea vimekwisha kwenye damu, dawa imemalizwa, na bado damu ya mtoto inashuka.

Kipokezi kingine kilichoelezwa karibuni ni TLR9. Kwa kawaida hukaa ndani ya chembe nyeupe kikinusa vinasaba vya bakteria na virusi. Mwaka 2021 kundi la Nilam Mangalmurti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionesha kwamba kipo pia juu ya chembe nyekundu, na kwamba hunasa vipande vya vinasaba vinavyoelea kwenye damu, vikiwemo vya vimelea vya malaria. Vikinaswa kidogo, chembe huwa inasafisha njia. Vikizidi, kama inavyotokea kwa mgonjwa mwenye maambukizi yaliyosambaa kwenye damu au UVIKO-19 kali, chembe hubadilika umbo, na ile alama ya CD47 inayowaambia mezaji "huyu ni wa hapa, mwacheni" hufichika. Chembe humezwa kabla ya siku zake, na mgonjwa hupungukiwa na damu bila kutoka hata tone.

Selimundu si kitu cha juu ya utando. Imo kwenye himoglobini ndani. Lakini historia yake na ya makundi ya damu zimefungwa pamoja hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliambatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu ya makabila ili kulinganisha makundi yao. Alipima selimundu pembeni tu. Karibu na pwani na Ziwa Victoria walioibeba walizidi asilimia 20. Sehemu za milimani na kame hawakufika hata 1. Ramani ile ilikuwa ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba kuirithi kwa mzazi mmoja hukinga na malaria.

Walioirithi kwa wazazi wote wawili ndio wanaozirudisha hizi antijeni zote kwenye meza ya maabara. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio hutaja 11,000 kwa mwaka. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kazi ya kuwafuatilia kwa utaratibu ilianza mwaka 2004 ikiongozwa na Profesa Julie Makani, hupokea wagonjwa kutoka kila wilaya ya jiji. Wengi huongezewa damu tena na tena. Kila chupa ni O chanya kwa O chanya, na kila chupa huja na Kell yake, Kidd yake, Duffy yake. Siku moja mwili huzikariri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kingamwili za namna hiyo kwa takriban asilimia 4 ya wagonjwa wa selimundu waliopimwa. Kiwango hicho ni cha chini kikilinganishwa na cha Marekani, ambako wagonjwa wenye asili ya Afrika huwekewa damu ya wachangiaji ambao wengi ni Wazungu, wenye antijeni wasizozijua. Mgonjwa wa Temeke anayepata damu ya mchangiaji wa Temeke ana nafasi nzuri zaidi ya kukutana na ngozi ya chembe iliyofanana na yake. Hiyo peke yake ni hoja nzito kuliko mabango mengi ya uhamasishaji.

Kwa hao, kigae hakitoshi. Sampuli ya mgonjwa hulinganishwa na ya chupa yenyewe kabla haijatoka: chembe za mchangiaji huchanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa, huachwa kwenye joto la mwili, kisha huongezwa kemikali inayofichua kingamwili zisizogandamanisha chembe zenyewe. Hiyo huchukua muda wa saa moja au zaidi, na ndugu waliokaa kwenye benchi la nje hudhani wamesahauliwa. Katika dharura hatua huweza kufupishwa kwa uamuzi wa daktari. Katika siku ya kawaida saa hiyo ndiyo usalama wa mgonjwa.

Damu yenyewe hukusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama pamoja na hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kila chupa hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, na chembe nyekundu hutunzwa kwenye jokofu hadi siku 35. Shule za sekondari zinapofunga, ghala hupungua, kwa sababu wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari. Ndipo ndugu wa mgonjwa huambiwa watafute watu.

Anayekwenda kuongezewa damu aseme mambo mawili kabla ya sindano ya sampuli, hata kama hajaulizwa: kama aliwahi kuongezewa damu, na kama aliwahi kubeba mimba, iwe ilifika mwisho au iliharibika. Aliyepata kimojawapo ndani ya miezi mitatu iliyopita, sampuli yake ya kulinganisha damu haitumiki tena zikishapita siku tatu, huchukuliwa nyingine.